Matundu Sita ya Mukau

Kaka yangu alitoboa gitaa langu siku ya soko, mimi nikiwa Emali, na niliporudi akaniambia niseme asante.

Nitaeleza jinsi tulivyofika hapo, maana ukiyasikia kwake utaambiwa mengine.

Mume wangu alikuwa mpiga gitaa. Tuliishi Kabati, upande wa Kitui, katika nyumba ya mabati nyuma ya maduka, na kila wikendi alizunguka na bendi ya ndugu yake: harusi, mikutano ya wanasiasa, baa za njiani. Mimi alinifundisha jioni, kwanza kwa mzaha, halafu kwa dhati alipoona vidole vyangu vinashika. Ikafika mahali akiugua, mimi ndiye niliyewafanyisha wenzake mazoezi uani kwetu. Lakini jukwaani sikupanda hata siku moja. Shemeji, ambaye ndiye mwenye bendi, hakutaka.

"Bendi si jikoni," alisema mbele yangu.

Mume wangu akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka tu mambo yakiwa magumu, na hilo sikumsamehe hata alipokufa.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo. Tulipotoka kaburini, hata sufuria za wageni hazijaoshwa, shemeji aliingia ndani kwangu na viatu vyake vya matope, akatoa gitaa ukutani, akasema ni mali ya ukoo. Nikamwambia ukoo haujui hata kulifunga uzi. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Gitaa la mwanaume halirithiwi na mwanamke," akasema. "Ukitaka gitaa, jichongee."

Wazee waliokuwa wamekaa nje wakingojea chai walicheka. Lile gitaa sijaliona tena, wala sijauliza liko wapi. Lakini neno "jichongee" nililibeba kama lilivyo. Nikarudi kwetu Mukuyuni, upande wa Makueni, nikiwa na sanduku moja, mtungi wa gesi na neno hilo.

Kwetu kuna karakana. Baba alikuwa seremala; alitengeneza vitanda, milango, majeneza, benchi za kanisa. Alitufundisha sote wawili, mimi na kaka, bila kubagua, kwa sababu mbao ndefu inataka watu wawili na sisi ndio tuliokuwepo. Alipokufa, karakana ikabaki na kaka. Kaka ni mkubwa wangu. Ni mzee katika kanisa la wokovu lililo ng'ambo ya barabara, na anaomba kama mtu anayedhani Mungu ana uziwi.

Kaka hakuwahi kunisamehe kuolewa na mpiga benga, ule muziki wa gitaa wa baa. Nilipoondoka na yule mwanaume, wazee wa kanisa walimwondoa baba kwenye kiti cha mbele. Walisema asiyeweza kutawala nyumba yake hawezi kutawala nyumba ya Mungu. Baba mwenyewe alihamia benchi la nyuma akaendelea kuimba sauti ya nne kama kawaida, na mimi hakuwahi kunitamkia neno baya. Ni kaka aliyelishika jambo lile kwa niaba yake. Alililea kama mtu anavyolea jipu: halikamui, halitibu, na hataki liguswe.

"Umekuja kutembea?" aliniuliza siku ile niliyofika.

"Nimekuja kwetu."

"Kwenu ni Kabati."

"Kabati wamesema kwetu ni huku."

Mama, aliyekuwa akipepeta ndengu mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Mtagombana mkishakula."

Tulikula. Tukagombana.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa ubao. Nyuma ya karakana kulikuwa na ubao mmoja wa mukau uliosimamishwa tangu enzi za baba, mpana, mnene, umekauka mpaka ukiugonga kwa kidole unajibu. Mukau ni mti wetu wa huku. Mchwa hawauli, jua haliupindi, na rangi yake ukiipiga randa inakuja nyekundu kama chai ya rangi. Nilipoutoa nje na kuupangusa vumbi, kaka aliacha kazi yake akaja.

"Huo ni wa mimbari."

"Mimbari gani? Mnayo mimbari."

"Ya pili."

"Mhubiri wenu ana miguu mingapi?"

 Mama ndiye aliyeamua, akasema ubao ule baba aliupasua mwenyewe na hakusema ni wa nani, kwa hiyo aliyeutoa kwenye utando wa buibui auchukue. Kaka alirudi kwenye kazi yake. Ningekuwa na akili ningeogopa kule kunyamaza, kwa sababu kaka si mtu wa kunyamaza.

Nilichonga kiwiliwili cha gitaa la umeme polepole, kwenye kona ya karakana ambapo baba alikuwa akiweka majeneza yaliyokamilika. Umbo nilikata kwa msumeno mwembamba, nikalainisha kwa tupa, halafu msasa, halafu msasa laini zaidi. Shingo niliipata kwa mtu mmoja wa Emali ambaye gitaa lake lilikanyagwa na pikipiki, shingo ikabaki nzima. Siku zote hizo kaka alifanya kazi yake mita chache kutoka kwangu. Alipohitaji kupita, alisema "pisha" kama mtu anayefukuza mbuzi. Nilipohitaji patasi, aliishika yeye, hata kama hakuwa na kazi nayo.

Sasa nieleze matundu.

Kuna magitaa ambayo nyuzi zake zinafungwa mbele tu, kwenye daraja, yaani kile kipande cha chuma kinachozishika chini. Na kuna mengine ambayo nyuzi zinaingilia mgongoni, zinapita ndani ya mbao, zinatokea kifuani kupitia kwenye daraja. La namna hii ndilo nililotaka. Mume wangu alikuwa akisema uzi ukipita ndani ya mbao, mbao nayo inaimba. Sijui kama ni kweli. Labda aliisikia tu kwa mtu mwingine. Lakini nililitaka hilo, na sikuwa na hamu ya kumweleza mtu kwa nini.

Kwa mbele si kazi kubwa. Unaweka daraja mahali pake, unatia alama kupitia matundu yake, daraja lenyewe linakuongoza. Shida iko mgongoni. Biti nyembamba, yaani chuma cha kutobolea, ikipita kwenye mbao nene kama vidole vitatu hainyooki; inafuata nyuzinyuzi za mti, inatafuta pahali laini, na inapotokea upande wa pili iko pengine kabisa. Na mgongoni ndiko kunakoonekana, kwa sababu pale kila tundu linavishwa kikombe kidogo cha chuma cha kuzuia kichwa cha uzi. Vikombe sita kwa mstari. Jicho la mtu ni katili: likiona kimoja kimetoka kwenye mstari, halitaangalia tena vile vitano.

Niliweka alama zangu kifuani kwa msumari niliounoa. Nikalaza kiwiliwili kwenye meza, nikakifunika na gunia. Halafu nikaenda Emali. Fundi mmoja wa chuma karibu na stesheni ya reli alikuwa amekubali kunichongea vikombe vya shaba, kwa sababu madukani havikuwepo, na nilitaka kununua biti mpya. Kabla sijaondoka nilimwambia kaka mbele ya mama, "Hii usiguse."

"Nani ana haja nayo?" akasema.

Niliporudi, alikuwa anafagia. Kaka hafagii. Alifagia akiimba, na gunia langu lilikuwa limekunjwa vizuri juu ya kiti.

"Nimekusaidia," akasema. "Matundu yako tayari. Sema asante."

Kifuani yalikuwa sawa, sita, kwenye alama zangu. Nikageuza mgongo.

Hayakuwa mstari. Yalitokea kama ng'ombe waliotawanyika wakienda mtoni, kila mmoja na njia yake. Mawili yalikuwa yamekaribiana mpaka kikombe kimoja kingekalia kingine. La mwisho lilikuwa limepasua mbao lilipokuwa likitoka, likabandua kipande ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Nilipitisha kidole pale. 

"Nani alikwambia ushike?"

"Uliweka alama. Nikaona nikumalizie."

"Nilikwambia usiguse."

"Kitu kikilala kwa meza yangu, nakigusa."

Karakana ile ina mashine ya kutoboa ya kusimama, ile yenye meza yake ya chuma na mkono wa kuvuta. Baba aliinunua kwenye gereji moja iliyofungwa. Nilichukua skwea, ile rula ya pembe, nikaisimamisha juu ya meza ya mashine kando ya biti. Kati ya biti na rula mwanga ulipita kama kwenye mlango ulioachwa wazi.

"Meza imelala upande," nikasema.

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Nilikuwa natoboa miguu ya viti. Miguu ya viti inataka ilale."

"Kwa hiyo uliona imelala, na ukatoboa gitaa langu?"

Kaka aliegemea ufagio. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama wa mtu aliyemaliza kusali.

"Niliona," akasema. "Ile mbao ilikuwa ya Mungu. Sasa si ya Mungu na si yako."

Nyundo ilikuwa mezani, karibu na mkono wangu. Aliiangalia, nami nikaiangalia. Nilichofanya ni kutema mate pale alipokuwa ameshafagia. Kilikuwa kitu kidogo na kichafu na kilinifaa kabisa.

Kelele zilizofuata zilimtoa mama jikoni, na watu wa duka la jirani wakaja mpaka barazani. Kaka alisema nitoke karakanani mwake. Nikamwambia nusu yake ni yangu. Akasema mwanamke aliyeolewa harithi hata randa. Nikamwambia aende akasomewe katiba. Akasema mimi ndiye niliyemwua baba. Alisema hivyo, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wamekuja kununua unga. Mama alikuwa na mwiko mkononi, ukiwa bado na ugali, na aliupiga kwenye mlango wa karakana mpaka ukavunjika.

"Baba yenu aliuliwa na kifua," akasema. "Mimi ndiye nilimshika. Nyinyi hamkuwepo chumbani, hata mmoja."

Akarudi jikoni. Watu wa unga wakatawanyika. Mimi na kaka tukabaki pale, tukihema, na hakuna aliyetoka.

Sikutoka kesho yake pia. Nilikaa kwenye kona yangu kama kupe. Nilichonga vijiti vya mukau kutoka kwenye vipande vilivyobaki, vyembamba, vya mviringo, nikavipaka gundi na kuvipigilia ndani ya yale matundu mabaya mpaka yakaziba, kuanzia kifuani hadi mgongoni. Gundi ilipokauka nilikata vichwa vyake kwa patasi niliyoificha chini ya godoro langu. Pale mbao ilipobanduka nikatia kiraka. Viraka na vijiti vilionekana, vidoa sita vyenye rangi iliyopauka kidogo kuliko mbao yenyewe. Hakuna dawa ya hilo. Mbao haisahau.

Halafu nikaanza kujifunza kutoboa, kwenye vipande vya kutupa. Na hapo kaka akagundua mchezo mpya. Swichi kubwa ya stima iko kando ya mlango. Kila nilipowasha mashine, alikumbuka kwamba stima ya mwezi huo imepanda, au kwamba kuna waya unanuka, au hakusema kitu chochote, akazima tu na kuendelea na msumeno wake wa mkono huku akipiga mluzi wa nyimbo za kusifu. Nikiwasha, anazima. Siku moja tuliendelea hivyo mpaka jirani mwenye duka la kinyozi akaja kuuliza kama laini ya stima imeharibika.

Hata hivyo nilipata dakika zangu alipoenda kunywa chai au kupeleka kitanda kwa mtu. Na katika dakika hizo, kwa kuharibu vipande vingi, nilielewa kosa la kutoboa kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Mbao ikiwa nene, usiitake biti isafiri safari nzima. Itoboe nusu kutoka kifuani, nusu kutoka mgongoni, zikutane kati. Lakini ili zikutane lazima ujue hasa chini kuna nini, na ukishageuza mbao huoni.

Nilipata njia kwa msumari. Nilifunga kipande cha ubao kwa klampu, kile chuma cha kubana, juu ya meza ya mashine, imara, kisitingishike. Nikakitoboa kwa biti ileile. Bila kusogeza chochote, nikachukua msumari mnene sawa na biti, nikaukata kichwa, nikaupigilia ndani ya tundu lile ukabaki umechomoza kidogo tu. Sasa ncha ya msumari iko chini ya ncha ya biti, moja kwa moja. Ukiligeuza gitaa kifudifudi na kulikalisha lile tundu la kifuani juu ya msumari, biti ikishuka kutoka mgongoni haina pa kwenda ila kumfuata mwenzake. Nilijaribu kwenye kipande cha msonobari, nikapitisha waya. Ukapita. Nilijaribu kwenye mukau. Ukapita.

Kilichobaki kilikuwa muda. Nilihitaji asubuhi nzima bila kaka. Na kaka ana asubuhi moja tu ambayo haachi, hata mvua inyeshe mawe.

Jumapili ile mama alienda kwa dada yake. Kaka alivaa suti yake ya kijivu, akachukua Biblia, akavuka barabara. Nilisubiri mpaka nikasikia spika za kanisa zimeanza. Nikafungua karakana.

Nilinyoosha meza kwanza. Nikasimamisha skwea mbele ya biti, kando ya biti, nikalegeza bolti, nikakaza, nikapima tena, mpaka mwanga haukupita popote. Nilitia biti mpya niliyoileta kutoka Emali, yenye ncha katikati kama mwiba, ambayo inauma mbao kabla haijaanza kuzunguka kwa nguvu. Hiyo ilikuwa muhimu, kwa sababu sasa nilikuwa natoboa nusu kwenye mbao na nusu kwenye vile vijiti vya kuzibia, na biti ya kawaida ingeteleza ikakimbilia kwenye gundi.

Matundu ya kifuani yalikubali. Nilishusha mkono wa mashine kidogo, nikainua kutoa unga, nikashusha tena. Ng'ambo, sauti ya mhubiri ilikuwa inapanda. Kila alipopumua, mashine yangu ilisikika, najua ilisikika, kwa sababu mara ya tatu au ya nne spika zikanyamaza kidogo, kama mtu aliyegeuza kichwa. Sikuacha. Nilipiga msumari wangu kwenye ubao, nikageuza gitaa, nikakalisha tundu la kwanza. Lilikaa kwa sauti ndogo, tk. Nikatoboa kutoka mgongoni mpaka nikahisi biti imelegea ghafla mkononi, ndipo nikajua zimekutana. La pili. La tatu. La nne.

Biti ilikuwa katikati ya la tano mashine ilipozimika.

Sikuhitaji kugeuka. Lakini niligeuka. Kaka alikuwa mlangoni, mkono kwenye swichi, Biblia kwapani, jasho likimtoka chini ya ile suti. Nyuma yake walikuwa wanakwaya na watu wengine wa kanisa, wamejaa barazani, wengine wameshika watoto. Ibada ilikuwa imeisha au aliikatisha, hilo sijui.

"Siku ya Bwana," akasema.

"Bwana alikuwa seremala," nikasema.

Mwanamke mmoja wa kwaya akacheka, halafu akajiziba mdomo. Kaka alisikia kicheko kile. Niliona kikimwingia.

"Toa kitu chako utoke. Sasa hivi."

"Washa stima nimalize."

"Siwashi."

Biti ilikuwa ndani ya mbao. Kuitoa na kuanza tena siku nyingine kungemaanisha kulitoa gitaa kwenye msumari, na sikuwa na uhakika hata kidogo kwamba kungekuwa na siku nyingine. Nikashika ile sehemu ya chuma inayobana biti, nikaizungusha kwa mkono. Ilikuwa nzito. Nikazungusha tena. Mkono mmoja unazungusha, mwingine unavuta mashine ishuke unywele kwa unywele. Meno ya chuma yaliniingia kwenye kiganja. Unga wa mukau ulitoka mwembamba, mwekundu, kama ugoro. Nilizungusha mpaka nikahisi ile hali ya kulegea. La tano.

"Wewe mwanamke una pepo," kaka akasema, kwa sauti ya chini sasa.

"Liombee."

Nikahamisha gitaa, nikakalisha tundu la sita juu ya msumari, nikaanza tena. Hilo lilichukua muda mrefu zaidi kwa sababu chuma kilikuwa kinateleza kwa damu. Baadhi ya watu waliondoka. Yule mwanamke wa kwaya alibaki. Kaka naye hakuondoka. Angeondoka ingekuwa ameshindwa, na angeingia kunitoa kwa nguvu ingekuwa mbele ya nusu ya kanisa. Kwa hiyo alisimama pale ameshika swichi iliyozimwa, akinilinda bila kutaka, mpaka nikamaliza.

Nilipulizia unga. Nikainua gitaa usawa wa jicho, nikalielekeza mlangoni kuangalia kama matundu yamenyooka. Nilichoona ndani ya la kwanza kilikuwa kitambaa cha kijivu.

"Hama," nikamwambia. "Nataka mwanga."

Akahama. Nimefikiri sana juu ya hilo. Hakutaka kunisaidia, hilo najua. Nadhani alisikia sauti ya kazi, ile tuliyolelewa nayo, ya mtu mmoja kwenye mbao akimwambia mwingine asogee, na miguu ikatii kabla kichwa hakijakataa. Alipogundua alichofanya, uso wake uliharibika kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona. Mwanga ulipita kwenye la kwanza, la pili, yote sita, duara safi kila moja, na mgongoni mstari umenyooka, ukikatiza katikati ya vile vidoa vilivyopauka.

Siku iliyofuata alifunga mashine kwa mnyororo na kufuli. Wazee wenzake walikuja kwa mama kusema wanataka kuniombea. Nikawaambia waanze na mwenye kufuli. Sikungoja zaidi. Nilienda Emali, nikapata kona kwenye yadi ya mbao, nyuma ya wauza matairi, ambako malori hayanyamazi na hakuna anayejali mtu anatoboa nini siku gani. Vikombe vya shaba nilivikalisha hapo. Nilifunga nyaya, nikavalisha nyuzi, kila moja ikiingia mgongoni na kutokea kifuani bila kukwaruza. Kuhusu kama mbao inaimba, bado siwezi kukuambia. Ninachojua ni kwamba gitaa halitoki kwenye sauti, hata nikilipiga kwa hasira, na mara nyingi ndivyo ninavyolipiga.

Nilianza kupigia kikundi kimoja cha harusi cha hapo Emali. Kiongozi wao aliponiona mara ya kwanza aliuliza nani amenisindikiza. Nikapiga. Hakuuliza tena. Baadaye wakaanza kuniletea magitaa yao yaliyovunjika, kisha watu wengine wakaleta yao, na sasa hiyo ndiyo kazi yangu ya mchana.

Kaka hajanipigia simu, nami sijampigia. Msimu uliopita mama aliniita nyumbani kusaidia kupura ndengu, na nilipofika nikakuta amempangia kaka kazi hiyohiyo, bila kutuambia. Kaka alikuwa amesimama langoni na fimbo ya kupuria.

"Bado unapiga hizo kelele?" akaniuliza.

"Bado. Na wewe, bado unatoboa vitu vya watu?"

"Mashine iliuzwa."

Sikujua, na iliniuma, na sikumwonyesha. Ilikuwa mashine ya baba. Nadhani aliiuza ili iniume.

"Vizuri," nikasema. "Haikuwa na mtu wa kuitumia."

Mama alitupatia turubai moja. Tulipiga ndengu pande mbili, yeye huku na mimi kule, fimbo zikishuka kwa zamu kwa sababu zikishuka pamoja zinagongana, mpaka maganda yote yakawa chini. Tulipomaliza, yeye alienda kuoga. Mimi nilijaza gunia langu, nikalifunga, nikalibeba mwenyewe mpaka barabarani.